Lami ya moto, lami baridi, zege au pevingi: jinsi ya kupima vifaa na kuchagua unapokarabati njia ya gari Mwanza

Mwite fundi aje kukutazamia njia ya gari iliyochakaa pale Nyegezi, Bwiru au Buhongwa, na jibu litategemea umemwita nani. Mmoja atasema tuagize lami ya moto, ile inayochanganywa na kokoto mtambonini ikaletwa ingali moto. Mwingine ana mifuko ya lami baridi, iliyokwishachanganywa na kokoto na inayowekwa bila kuchemshwa. Wa tatu atakuambia ng'oa yote, mimina zege. Wa nne ana jamaa yake anafyatua pevingi, yaani tofali za zege za kutandaza chini, atakuletea kwa bei nzuri. Wote wanne wanaweza kuwa sahihi. Shida ni kwamba huyu anapiga hesabu kwa tani, yule kwa mifuko, mwingine kwa tripu, mwingine kwa idadi ya tofali, na mwenye nyumba anabaki bila namna ya kulinganisha.

Kwa hiyo hapa nimeziweka njia zote nne juu ya kiraka kimoja cha mfano: mita 4 kwa mita 2.5, yaani mita za mraba 10. Ndio ukubwa wa eneo linaloharibika mara nyingi kati ya geti na sehemu ya kuegesha. Kiraka chako kikiwa mita za mraba 5, gawa kwa mbili. Kikiwa 30, zidisha kwa tatu.

Vigezo vya kutazama kabla ya bei

Bei zinabadilika kila msimu, lakini mambo matano hayabadiliki: nini kiliharibu lami ya kwanza, kiasi cha vifaa kinachohitajika, vifaa hivyo na mashine zake vinapatikanaje kwa kazi ndogo, gari litapita baada ya muda gani, na kiraka kikiharibika tena, utakitengenezaje.

La kwanza ndilo zito, na ndilo watu wanaloliruka. Okota kipande cha lami iliyovunjika ukitazame karibu, mwangani. Lami nzima inakuwa nyeusi hata ndani, kokoto zimefunikwa zote. Ukiona kokoto nyeupe na za kijivu zimetoka safi, kana kwamba hazijawahi kuguswa na lami, hapo maji yameingia kati ya jiwe na lami yakavitenganisha. Mwanza hili linatupata zaidi kwa sababu kokoto zetu ni za granaiti, jiwe lile lile la vilima vyetu. Granaiti ina silika nyingi, inapenda maji kuliko lami, kwa hiyo gundi yake na lami ni dhaifu pale maji yanapokaa. Dawa inayotumika ni chokaa ya unga, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa kokoto, inayochanganywa wakati wa kutengeneza lami. Muulize anayekuuzia kama anaiweka. Akishangaa swali, umeshapata jibu.

Ishara ya pili ni nyufa za mtandao, zile zinazofanana na ngozi ya mamba. Hizo zinasema ugonjwa uko chini, kwenye tabaka la msingi. Kuweka lami mpya juu yake ni kutupa hela. Na ukiwa umejenga bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, hesabu ya msingi itakuwa kubwa kuliko ya uso. Walio kwenye luseni, udongo wa kichanga wa miteremkoni, wana nafuu kubwa.

Pima kiraka, usipime shimo

Hapa ndipo bajeti nyingi zinapoanguka. Shimo la duara lenye upana wa sentimita 60 lina eneo la mita ya mraba 0.28 tu. Lakini huwezi kuliziba kama lilivyo, kwa sababu kingo zake tayari zimelegea. Unakata mraba kuanzia sentimita 20 nje ya ukingo wa shimo kila upande, kuta zikiwa wima, na unapata kiraka cha mita 1 kwa mita 1. Eneo limekuwa mara tatu na nusu ya lile uliloliona kwa macho! Mwenye nyumba aliyenunua vifaa vya shimo anaishia katikati ya kazi.

Kina nacho kipimwe baada ya kuchimba, si kabla. Weka ubao ulionyooka juu ya kiraka, shusha tepu sehemu tano au sita, tafuta wastani. Ukikuta tope au udongo unaobonyea chini ya kisigino, endelea kuchimba mpaka ufike pagumu, na kila sentimita uliyoongeza iandike.

Halafu hesabu tabaka la msingi, kwa sababu njia zote nne zinalihitaji pale lililopo likiwa limeoza. Kwa kiraka chetu cha mfano, msingi wa sentimita 15 ni mita za ujazo 1.5 ukishashindiliwa. Moramu (udongo wa changarawe) au kokoto zilizochanganyika na vumbi lake zikiwa kwenye lori bado zina hewa ndani, kwa hiyo agiza takribani mita za ujazo 2. Unapoambiwa "tripu moja inatosha", pima bodi ya lori: urefu mara upana mara kimo. Tripu ya Canter na ya Fuso ni vitu viwili tofauti, na neno "tripu" kwenye risiti halikulindi.

Mwisho, mteremko wa maji. Uso uwe na mwinamo wa walau sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea kwenye mfereji na si kwenye ukuta wa jirani. Kiraka chenye upana wa mita 2.5 kinahitaji tofauti ya sentimita 5 kutoka upande hadi upande.

Lami ya moto

Kwa uso wa sentimita 5, mita za mraba 10 zinatoa mita ya ujazo 0.5. Lami ya moto iliyoshindiliwa ina uzito wa takribani tani 2.35 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ni tani 1.18, na ukiongeza asilimia 10 ya upotevu unafika tani 1.3. Unapoimwaga, itandaze kwa unene wa sentimita 6 na ziada kidogo, maana itashuka ikishindiliwa. Ongeza lita 5 hivi za imalsheni (lami iliyochanganywa na maji) ya kupaka kwenye kuta za kiraka na juu ya lami ya zamani ili vishikane. Kama msingi ni mpya, unahitaji pia lita 10 hivi za lami nyepesi ya kunyunyizia juu ya msingi.

Ubora wake hauna ubishi: inaungana na lami iliyopo, inabeba uzito, na ikishapoa gari linapita siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Tatizo ni upatikanaji. Mtambo hauwashwi kwa ajili ya tani 1.3, na mzigo mdogo ndani ya tipa kubwa unapoa haraka. Lami inatakiwa iwe imemaliza kushindiliwa kabla haijashuka chini ya nyuzi joto 80 hivi. Ikishapoa zaidi ya hapo, roli la kushindilia linapita juu bila kazi, na ndani matundu yanabaki yakisubiri maji.

Lakini geuza hesabu: tani 10 zinafunika takribani mita za mraba 77 kwa unene wa sentimita 5, upotevu ukiwa umo. Hizo ni nyumba saba au nane zenye kiraka kama chetu. Mtaa ukikubaliana, au kanisa na shule jirani wakiungana, lami ya moto inakuwa chaguo la kweli. Kukiwa na mkandarasi anayejenga barabara karibu nanyi, ongeeni naye mapema kabla hajahamisha vifaa vyake.

Wapo mafundi wanaochemsha lami kwenye pipa kwa kuni na kuchanganya na kokoto juu ya bati. Lami ngumu, ile gundi nyeusi yenyewe bila kokoto, inayohitajika kwa mchanganyiko wetu ni asilimia 5 hadi 6 ya uzito, yaani kilo 70 hivi, chini ya nusu ya pipa. Kazi hii inawezekana, ila mimi nina wasiwasi nayo kwa sababu mbili. Lami ikiungua kupita kiasi inakuwa kavu na kiraka kinapasuka mapema. Na inaunguza watu vibaya. Kama ndiyo njia unayoitumia, watoto wakae mbali kabisa, maji yasimwagwe kwenye pipa linalowaka, na mtu akirukiwa na lami apoozwe kwa maji mengi bila kuibandua kwenye ngozi, kisha apelekwe hospitali.

Lami baridi

Uzito wake ukishindiliwa ni karibu tani 2.1 kwa mita ya ujazo, ingawa unatofautiana na mtengenezaji. Kiraka chetu cha sentimita 5 kinahitaji kilo 1,050, na kwa upotevu kilo 1,155. Kwa mifuko ya kilo 25 ni mifuko 47. Ukiiona namba hiyo utaelewa mara moja kwamba lami baridi ya mifuko haikutengenezwa kwa eneo la ukubwa huu. Ila kwa kile kiraka cha mita 1 kwa mita 1 ni mifuko 5, na hapo mambo yanabadilika: unafanya mwenyewe na kijana mmoja, bila moto, bila mtambo, na mfuko uliofungwa vizuri unakaa stoo ukisubiri shimo lijalo.

Shindilia kwa kompakta (mashine ya kushindilia) ya kukodi au kishindilio cha mkono, tabaka lisizidi sentimita 5 kwa mara moja. Kina kikiwa sentimita 10, weka mara mbili. Gari linaweza kupita hapo hapo. Lakini ugumu wake unakuja taratibu, kadiri maji au mafuta yaliyomo yanavyokauka, na wiki za mwanzo dereva anayekata usukani gari likiwa limesimama atakichimbua kiraka. Mvua kubwa ikikikuta kibichi, nayo inakisumbua.

Inamfaa mwenye mashimo machache yaliyotawanyika, mpangaji, na yeyote anayetaka kuzuia uharibifu usienee mpaka kiangazi. Kikiharibika tena unakwangua na kuweka upya, bila lawama kwa mtu.

Zege

Zege linahitaji unene zaidi. Kwa magari madogo sentimita 12 zinafaa, hivyo mita za ujazo 1.2, na kwa upotevu 1.3. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), ambao ndio ningeutaka kwenye njia ya gari, andaa mifuko 11 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.55 na kokoto 1.1. Fundi atapendekeza 1:2:4 kwa sababu inashuka hadi mifuko 9. Kwa njia ya miguu sawa. Kwa tairi linalosimama na kuondoka kila siku, mifuko miwili ya tofauti si mahali pa kubana.

Kipimo cha kokoto na mchanga kiwe sanduku la mbao, si beleshi. Sanduku lenye ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25 linabeba lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Kila mfuko unataka sanduku moja na nusu la mchanga na masanduku matatu ya kokoto, na maji lita 25 hivi, pungufu kama mchanga umelowa. Ukiona zege linatiririka kama uji, maji yamezidi na nguvu imepungua, hata kama saruji iko kamili.

Kokoto za kugongwa kwa mkono, zinazouzwa kando ya barabara zetu, zinafaa kwa zege kama ni ngumu, zina ukubwa unaolingana na hazina vumbi la udongo. Ziosheni. Granaiti ambayo kwenye lami inatusumbua, kwenye zege haina tatizo hilo.

Kiraka cha mita 4 kikatwe mshono katikati, kina cha sentimita 3, ama sivyo kitachagua chenyewe pa kupasukia. Pale zege linapokutana na lami ya zamani, ziba mshono kwa lami ya kumimina. Mwagilia na funika kwa magunia au nailoni walau siku 7, maana jua letu na upepo wa ziwani vinakausha uso haraka. Gari dogo lisubiri hizo siku 7, lori lisubiri hadi siku 28. Udhaifu wake unajulikana: likipasuka kwa sababu ya msingi mbovu, au bomba la maji likivuja chini yake, utavunja na kutupa. Kwenye udongo wa mbuga ningefikiri mara mbili.

Pevingi

Pevingi za sentimita 20 kwa 10 ni 50 kwa mita ya mraba, hivyo kiraka chetu kinataka 500, na kwa kuvunjika na kukata pembeni agiza 525. Za umbo la zigizaga idadi ni pungufu, kwa hiyo pima moja mwenyewe kabla ya kuzidisha. Unene uwe sentimita 6 kwa magari madogo na 8 kwa malori. Chini yake weka mchanga wa sentimita 3 (agiza mita ya ujazo 0.4), na mchanga laini mkavu wa kujaza mianya, ndoo mbili au tatu.

Kitu kinachosahaulika kwenye bei ni ukingo. Kiraka chetu kina mzingo wa mita 13, na kila upande usiogusa ukuta au kitu kigumu unahitaji ukingo wa zege. Pevingi bila ukingo zinaanza kutawanyika ndani ya msimu mmoja wa mvua, hata kama zimefyatuliwa vizuri namna gani.

Kabla ya kulipa, vunja moja uangalie ndani, kwaruza nyingine kwa msumari. Ikitoa unga, iache. Uliza zimefyatuliwa lini. Za wiki iliyopita hazijakomaa.

Ukishazishindilia kwa kompakta, gari linapita siku hiyo hiyo. Na faida yake kubwa ni ukarabati: bomba likipasuka unazing'oa, unatengeneza, unazirudisha zile zile. Petroli na dizeli zinazodondoka, ambazo huyeyusha lami, hazizigusi sana. Kwenye mteremko mkali wa Isamilo au Bugando zinahitaji boriti ya zege chini ya mteremko na mfereji juu, vinginevyo maji yatachukua mchanga wake na kuzilegeza.

Kwa waliojenga juu kabisa mawe yalipo, kutandaza mawe yaliyochongwa juu ya mchanga au moramu ni jambo la kufikiria. Barabara za mawe za vilima vyetu zinaonyesha kwamba yanahimili mteremko na maji. Kazi inataka mafundi wazuri na mikono mingi, lakini malighafi iko mlangoni.

Kulingana na hali yako

Una mashimo mawili au matatu, kila moja chini ya mita ya mraba moja, na msingi ni mgumu: lami baridi, mifuko 5 kwa kila mita ya mraba kwa kina cha sentimita 5.

Lami imekwisha eneo kubwa na majirani wana shida hiyo hiyo: kusanyeni mita za mraba 70 na zaidi, ombeni bei ya lami ya moto kwa pamoja, mkiuliza habari ya chokaa. Kama uharibifu uko nje ya geti, kwenye barabara ya mtaa, hiyo kwa kawaida iko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Wasiliana nao kabla ya kukata chochote.

Uko kando ya ziwa, kwenye maeneo ambayo maji yalisogea mwaka 2020 na tena 2024: chagua kinachong'oka na kurudi. Pevingi juu ya msingi wa kokoto kubwa zinazopitisha maji zina nafasi nzuri hapo kuliko lami au zege. Vivyo hivyo kwenye mbuga, baada ya kuondoa udongo mweusi kwa kina cha kutosha na kuweka kifusi kizuri.

Una mteremko mkali na gari linateleza mvua ikinyesha: zege lililochanwa kwa fagio kukata mteremko, au mawe.

Una yadi ya biashara, tuseme jirani na soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, malori ya samaki yanageuka na maji ya barafu yanachuruzika kutwa: zege la sentimita 15 (mifuko 14 kwa kiraka chetu, kwa mchanganyiko ule ule) au pevingi za sentimita 8, na mfereji kabla ya vyote viwili. Gereji na maegesho ya bodaboda yafuate ushauri huo huo, kwa sababu ya mafuta.

Masika yameshaanza na shimo linakua kila wiki: usianze kazi kubwa sasa. Toa maji, jaza kwa lami baridi au hata kokoto zilizoshindiliwa, elekeza mfereji mbali na kiraka. Tumia miezi hiyo kutazama maji yanasimama wapi na yanatokea wapi, yaandike kwenye mchoro wenye vipimo vyako, na uanze kuomba bei mwezi Mei ili fundi aingie kazini kati ya Juni na Septemba, ardhi ikiwa kavu.